Mpini wa Kisu cha Mzee Sultani

Siku Mohamedi mwenye bucha alipomrudishia Urbano kisu chake, alikishika kwa vidole viwili kama mtu anayemtoa panya kwenye unga, na bucha lilikuwa limejaa wateja.

"Fundi, kisu chako kinakata, sikatai," alisema. "Lakini mpini huu ni mlenda mtupu. Mafuta ya nyama yakiugusa tu, unaniponyoka. Halafu tazama." Akafungua kiganja, nacho kilikuwa cheusi tangu vidoleni hadi kwenye kifundo. "Hapa nimekishika asubuhi moja. Mteja akiona mkono huu atadhani nauza nyama na mkaa."

Watu wakacheka. Urbano naye akacheka, maana maskini akichekwa hana budi kuwasaidia wanaomcheka. Nyuma yake alisimama Yasinta, mkewe, na kikapu cha vitunguu mkononi, akaona shingo ya mumewe ikilowa jasho. Yeye hakucheka. Alinyoosha mkono akakipokea kile kisu, akakifunga kwenye ncha ya kanga, wakatoka bila kununua hata utumbo waliokuwa wameujia.

Visu vya Urbano havikuwa vibaya. Bapa alilikata kwenye springi za magari mabovu, akalifua na kulinoa mpaka likanyoa malaika ya mkono. Mpini aliumimina. Aliyeyusha masufuria yaliyotoboka na pistoni za pikipiki, akaimwaga alumini ile kwenye kalibu la mchanga lililouzunguka mkia wa kisu, ikaganda humo, kisu na mpini vikawa kitu kimoja. Hapakuwa na mbao ya kuoza wala msumari wa kulegea. Kisha aliupiga tupa na msasa mpaka ukang'aa, na kumbe kung'aa kwenyewe ndiko kulikokuwa ugonjwa. Alumini tupu ikilowa inateleza, na ikishikwa sana inaacha weusi mkononi. Mtaani kwao Mandewa walikwisha kumpa jina: Urbano wa Makopo.

"Utie mbao," alisema mama yake, Bibi Evodia, aliyekuwa akiishi nao na kushinda kibarazani akijikanda magoti. "Baba yako alikuwa akitia mbao."

"Bwana afya hataki mbao machinjioni, mama. Anasema zinanyonya damu."

"Basi tena," alisema bibi, na kwake neno hilo lilimaanisha kwamba dunia imeharibika na yeye hakuulizwa.

Yasinta ndiye aliyekataa kukubali. Alikuwa mwanamke wa Sepuka, amefundishwa kusuka vikapu na mama yake kabla hajajua kusoma, na mkono wake haukupenda kitu kisichoshikika. Alianza kwa kuufunga mpini mpira wa tairi la baiskeli. Ulishika vizuri, ila maji ya damu yakapenya chini ya mpira na kisu kikaanza kunuka. Akapaka rangi ya mafuta, ikabanduka kwa magamba. Akatafuta nta ya Rungwa kwa jirani mwenye shemeji mrina asali, akaisugua juu ya mpini wa moto, ikapendeza kupita kiasi, mpaka ilipokutana na maji ya moto ya kuoshea ikayeyuka yote. Urbano alikuwa akimwangalia kwa jicho la huruma, jicho ambalo mke hapendi kuangaliwa nalo.

Hatimaye alichukua msumari na nyundo ndogo, akaanza kugonga vidoa, vishimo vidogo vidogo, kwenye mpini, mstari ukipanda hivi na mwingine ukishuka hivi, vikikutana kama ukindu unavyokutana kwenye kikapu. Mpini ukashika mkono hata ukiwa umelowa mafuta. Ila weusi haukuacha kutoka. Hapo akajua kwamba alumini lazima ifunikwe na kitu kitakachoungua juu yake kikawa ngozi.

"Angalia moto wako," Urbano alimwonya, akiwa ameanza kupata tamaa. "Chuma kikitaka kulainika kinakuwa chekundu, kinakupa taarifa. Hii alumini haina adabu. Inabaki nyeupe vilevile, mara unaiona imedondoka. Na bapa lisipate moto, makali yatakufa."

Basi Yasinta alilichimbia bapa ndani ya mchanga uliolowa, mpini ukabaki nje juu ya makaa. Akapaka mafuta ya alizeti yaliyochanganywa na masizi. Yalibaki yananata kama ulimbo wa kunasia ndege. Akapunguza, yakanata. Akazidisha moto, yakatoka mabaka. Ndipo jicho lake likaangukia kijungu cha Bibi Evodia pale kibarazani, chenye mafuta ya nguruwe waliyemchinja Pasaka, dawa ya magoti ya bibi. Akachota kwa ncha ya kidole, akapaka kwenye kisu chake mwenyewe cha jikoni, kwa kujaribu tu.

Moshi ulipoisha, mpini ulikuwa mweusi, mkavu, mgumu. Akausugua kwa gunzi la mahindi: juu ikabaki ngozi nyembamba inayong'aa, na vile vidoa vikabaki vyeusi ndani, safu kwa safu. Akaubana kwa mkono uliolowa. Haukuteleza. Akafungua kiganja chake, na kilikuwa safi.

"Baba Peniel!" alimwita mumewe. "Njoo uone!" Na kwa furaha hata machozi yalimtoka.

* * *

Mzee Sultani alikuwa mchinjaji mkuu wa machinjio. Nyama ya msikitini na ya kanisani, ya harusi na ya matanga, yote ilipitia mkononi mwake kabla haijafika kwenye sahani ya mtu, na ndivyo mji ulivyozoea. Alikuwa mzee mwembamba, mpole, mwenye sauti ya chini. Urbano alipompelekea kisu kipya, mzee alikwenda kwenye mzoga uliokuwa ukining'inia, akajipaka mafuta ya nyama kiganja kizima, akaushika mpini, akaubana, akauzungusha.

"Nani amekuchorea hivi?"

"Mke wangu, mzee."

"Basi fundi ni mkeo. Wewe ni mhunzi." Akawageukia wachinjaji wenzake. "Tunataka hivi. Wote."

Hakuna aliyewahi kumwambia Urbano neno kama hilo. Alirudi nyumbani akitembea katikati ya barabara, na waliomwita Makopo siku ile hawakumsikia akiitika.

Shida ilikuwa alumini. Walizunguka kwa mafundi pikipiki na kwa wauza chakavu, wakapata, haikutosha. Mwisho Yasinta aliingia ndani akatoka na masufuria yake ya harusi, yale yaliyokuwa yanakaa moja ndani ya jingine juu ya kabati na kushushwa Krismasi tu. Urbano aliyapokea bila kumtazama usoni. Likabaki moja la ugali, na mboga ikarudi kupikwa kwenye chungu kama enzi za Bibi Evodia.

"Nitakununulia mengine," alisema Urbano.

"Yayeyushe tu," alisema Yasinta. "Masufuria hayajawahi kumpa mtu heshima."

Aligonga vidoa mpaka vidole vikavimba. Na ulipofika wakati wa kupaka, kibuyu cha alizeti kilikuwa mkono wa kushoto na kijungu cha bibi mkono wa kulia. Hapa nisimtetee: Yasinta aliwaza. Alijua kisu kinakwenda kwa nani. Aliwaza kwa muda ule ule wa kugeuza kisu juu ya makaa, na akajijibu kwamba moto hula kila kitu. Kinachobaki si mafuta tena, si mnyama tena, ni weusi tu. Jibu lile lilimtosha kwa sababu alikuwa analihitaji. Mkono ukaenda kulia.

* * *

Visu vilikwenda, vikasifiwa. Mohamedi mwenyewe, yule wa vidole viwili, alikuja mpaka kwao kuomba cha kwake, akamwita Yasinta "fundi" mbele ya majirani. Bibi Evodia alianza kusema "visu vyetu".

Idi ya kuchinja ilipokaribia, alikuja Mzee Sultani. Alikuwa na nyama iliyofungwa kwenye jani la mgomba, na kitu kingine kirefu ndani ya kitambaa cheupe.

"Shikamoo, baba," alisema Yasinta, akipiga goti kidogo.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Mnaendeleaje hapa?"

"Hatujambo. Karibu kiti."

Aliwasalimia wote, akamuuliza Bibi Evodia hali ya magoti, ndipo akafungua kile kitambaa. Kilikuwa kisu kirefu, bapa lake jembamba kwa miaka ya kunolewa, na mpini wa pembe uliopasuka vipande viwili.

"Hiki alikuwa nacho baba," alisema. "Ng'ombe wa kwanza wa Idi namchinja kwa hiki, kila mwaka. Mwaka huu mpini umenifia. Nikasema nimpelekee binti yangu."

"Nitafanya, baba."

"Kama vile vingine. Vilevile, usinibadilishie kitu. Mkono wangu umeshavizoea." Akacheka kidogo. "Nimekuwa mzee, mwanangu. Ng'ombe akijitupa, mpini ukiteleza, ni mimi nitakayechinjwa."

Yasinta alikipokea kwa mikono miwili. Alikipokea, na palepale ule moto wake uliokula kila kitu ukazimika. Vingine vyote vilikuwa visu. Hiki kilikuwa cha mtu.

Urbano alimimina mpini. Yasinta akagonga vidoa, safi kuliko alivyowahi kugonga. Kisha akaweka kijungu cha bibi mbali, akachukua alizeti. Ikanata. Akasugua kwa majivu na mchanga mpaka mpini ukarudi mweupe, akaanza upya. Ikanata tena. Alikuwa anausugua kwa mara nyingine huku analia Urbano alipomkuta.

"Mbona unahangaika? Si upake yale yale ya siku zote?"

Akamwambia. Alimwambia kwa maneno machache, akiutazama mpini.

Urbano alikaa chini kwenye gogo la kufulia chuma. "Vyote?" aliuliza.

"Vyote."

"Na mimi ndiye niliyevipeleka. Kwa mikono yangu." Akajifuta uso kwa pindo la shati la kazi. "Nani anajua?"

"Mimi na wewe. Mama hajui nilichota kwa ajili ya nini."

"Basi hakuna anayejua. Paka na hiki. Paka, umpelekee, na kijungu kile tukifukie."

"Baba Peniel, ataenda kuchinjia Idi."

"Amechinjia nini siku zote hizi? Amechinjia matanga. Amechinjia sadaka. Yote yameliwa, watu wako wazima. Ukisema leo, utayatoa matumboni mwao?" Akajifuta uso tena. "Yasinta, mimi nimeitwa fundi kwa miezi hii tu. Miezi hii tu. Hebu nihurumie."

Alimhurumia. Kama kuna kitu kilichokuwa karibu kumfunga mdomo, ni huruma ile. Lakini kila alipokitazama kisu kile aliisikia sauti ya mzee ikisema "binti yangu", na akajua hataweza kuishi mtaa mmoja na sauti hiyo. Alikifunga kwenye kitambaa chake cheupe, mpini ukiwa mtupu vilevile, akavaa kanga safi, akaondoka. Urbano hakumzuia. Alibaki kwenye gogo.

* * *

Saada, mke wa Mzee Sultani, alimpokea kwa bashasha, akamtandikia mkeka na kumletea chai ya tangawizi. Ndani kulinukia ubani. Yasinta aliishika chai ile asiinywe.

"Mbona huinywi, mama? Sukari haitoshi?"

"Inatosha, mama. Nina neno kwa baba."

Mzee alitoka chumbani akiwa na kofia mkononi. Akaona kile kitambaa, akatabasamu. "Umemaliza?"

"Sijamaliza, baba. Nimekuja kusema." Na akasema. Alisema kuhusu alizeti iliyonata, na magoti ya bibi, na kijungu. Neno lenyewe, nguruwe, lilipomtoka, aliona mkono wa Saada ukilirudisha birika mezani polepole.

Mzee Sultani hakupiga kelele. Heri angepiga kelele. Alikaa, akaitazama mikono yake, nyuma na mbele.

"Tangu vya kwanza?"

"Tangu vya kwanza, baba."

"Mwezi uliopita tulifanya hitima ya mama yangu," alisema, kama anayemweleza mtu mwingine. "Nilichinja mwenyewe."

Saada aliinua upande wa mtandio akaficha uso. Yasinta akapiga magoti. "Baba, nilidhani moto hula kila kitu. Nilidanganyika. Nisamehe. Lakini hiki chako sikukipaka. Ona, ni kitupu, sijakigusa na mafuta yale." Akafungua kitambaa. Mpini ulikuwa mweupe, unang'aa, na vile vidoa vimepangika kwa safu.

Mzee alikitazama, asikiguse.

"Huwa unavisuguaje vikikosewa?" aliuliza.

"Kwa majivu na mchanga, baba."

"Hata vilivyopakwa vinarudi hivi?"

Yasinta alielewa swali lile lilikokuwa linakwenda, na hakuwa na la kufanya ila kusema kweli. "Vinarudi hivi."

"Haya. Nenda nacho kwanza, mama," alisema Mzee Sultani. "Nikitulia nitakuja."

Alikuwa amemwita mama, si mwanangu. Aliposhika njia, nyuma yake alisikia maji yakimiminwa uani na Saada akimtuma mtu udongo wa kusugulia vyombo.

* * *

Mzee alikwenda machinjioni siku hiyo hiyo akasema mwenyewe, bila kumtaja mtu kwa ubaya. Angeweza kunyamaza naye. Hakunyamaza, na hilo Yasinta alilifikiria sana baadaye.

Mohamedi alivileta visu kwenye gunia, akavimwaga mlangoni. Hakutukana. Alisema tu, "Chukueni mali yenu," akaondoka haraka, kwa sababu bucha lake lilikuwa limeshinda bila mteja na nyama ilikuwa inabadilika rangi kwenye ndoano. Kwenye bomba la maji, Yasinta akitua ndoo yake kwenye foleni, wenye ndoo za jirani walizisogeza kidogo. Hawakumkataza maji. Walisogeza tu.

Lililomuumiza Urbano zaidi lilitoka kwa watu wake mwenyewe. Edward, mzee wa kilabu cha pombe na mwimbaji wa kwaya kwa zamu, alimpiga bega barabarani akicheka mpaka anakohoa. "Mmewaweza! Kweli Makopo wewe kiboko! Njoo nikununulie kikombe kimoja!" Na wengine wakacheka. Urbano alirudi nyumbani akaketi kwenye gogo lake.

"Wananipongeza," alimwambia mkewe. "Umesikia? Wananipongeza kama nimefanya makusudi."

"Nisamehe, Baba Peniel."

"Ungeninyamazia hata mimi," alisema. "Ungekaa nalo peke yako, mimi nikaendelea kuwa mjinga."

Bibi Evodia alikuwa ameelewa nusu tu. Alikichukua kijungu chake, akakifunga kwenye kipande cha kanga na kukiweka chini ya kitanda kama mtu aliyesingiziwa wizi. Magoti yakaendelea kumuuma, hakuyakanda tena.

* * *

Mzee Sultani alikuja Idi ikiwa imebakiza siku chache. Alikuja na Mohamedi, aliyekuwa mpwa wake, na nyuma yao wazee wawili wa mtaa waliosimama mbali kidogo, karibu na ua wa minyaa. Yasinta alitoka haraka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Alingoja neno la pili, lile aliloongezewa siku zote. Halikuja. Alileta kiti, mzee hakukaa.

"Nilikwenda kwa sheikh," alisema Mzee Sultani. "Kasema tuliokula bila kujua hatuna dhambi, na vyombo vinaoshwa vinatakata. Kanieleza vizuri, nimemwelewa. Lakini watu hawali maelezo. Wanakula nyama." Akairekebisha kofia yake. "Idi hii atachinja mwingine. Wameniambia nipumzike, maneno yapoe. Mimi naujua mji huu. Maneno hayapoi hapa, yanageuka jina la mtu."

Urbano alikuwa amesimama mlangoni mwa banda lake. Hakuwa na mahali pa kuweka mikono.

"Nimekuja kwa ajili ya kisu cha baba," mzee aliendelea. "Kitolewe huo mpini."

"Naukata kwa msumeno, mzee," alisema Urbano upesi. "Leo hii. Bapa halitaguswa, nitakutilia mpini mwingine wowote..."

"Msumeno utaacha chembe kwenye ule mkia wake," alisema Mohamedi. "Watu watauliza. Kipite motoni. Chote, na hawa wazee waone."

Urbano alimtazama Mzee Sultani. "Mzee, chuma kile kikipata moto wote makali yanakufa. Hakitashika tena ukikinoa. Kitakuwa bati."

"Nimesikia, fundi."

"Baba," alisema Yasinta, na alijisikia mdogo kama mtoto aliyevunja chungu cha watu. "Hiki sikukipaka. Naapa mbele ya Mungu. Hiki ndicho nilichokiacha."

Mzee Sultani akamgeukia. Macho yake hayakuwa na chuki, na ingekuwa rahisi kama yangekuwa nayo. "Nakuamini, mama," alisema. "Lakini mimi si peke yangu. Nikikiinua mbele ya watu, nani atawaambia kwamba hiki hakikupakwa? Wewe?"

Upepo ulipita ukatimua vumbi la uani, wazee wale wawili wakafunika pua zao.

"Mohamedi anasema moto utawaridhisha," alisema Mzee Sultani. "Na wewe uliniambia moto hula kila kitu. Basi na ule."

Urbano aliwasha tanuru. Alivuta mivukuto yake polepole kwanza, kisha kwa nguvu, na Yasinta akaleta mkaa bila kuombwa. Hapakuwa na mchanga wa kulowa safari hii. Kisu kiliwekwa katikati ya makaa, bapa na mpini. Mpini ulibaki mweupe vilevile, na vidoa vyake vyote vikionekana, safu ikipanda na safu ikishuka, mpaka Yasinta akaanza kudhani kwamba pengine hautakubali. Kisha ukadondoka wote mara moja, ukapotea katikati ya makaa. Bapa likawa jekundu. Urbano aliliacha mpaka Mohamedi aliposema yatosha.

Lilipopoa, Mzee Sultani alilipokea kwa kitambaa chake cheupe. Lilikuwa limepinda kidogo na kuwa na rangi ya buluu na kahawia. Alitoa jiwe dogo la kunolea mfukoni, akalinoa kwa mikono iliyozoea, taratibu, wote wakimtazama. Akalijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba. Akanoa tena, akajaribu tena. Lilipita juu ya ukucha bila kuacha alama.

Akalifunga kwenye kitambaa.

"Asante, fundi," alimwambia Urbano. Kisha, kwa sababu alikuwa mtu aliyelelewa, alimgeukia na Yasinta. "Asante, mama." Wakatoka, wazee wale wawili mbele, Mohamedi akimshika mjomba wake mkono, na mwendo wa mzee ulikuwa wa mtu aliyetoka kuzika.

Urbano aliingia ndani akajilaza, uso ukutani. Bibi Evodia aliuliza kutoka kibarazani kama wageni wamekunywa chochote. Yasinta alibaki kumwagia tanuru maji. Alipofukua makaa aliiona alumini imeganda chini, bonge moja lenye umbo la mashimo ya tanuru. Lilikuwa zuri, safi, limetosha kwa mpini mwingine. Akafikiri kwamba huenda humo ndani kuna kipande cha sufuria lake la harusi, lile kubwa la pilau.

Alilichukua ili aliweke pamoja na chakavu kingine. Mikono ilikuwa imelowa, na bonge likamteleza likaanguka chini. Akaliokota tena kwa mikono miwili. Alipoliweka chini na kuvitazama viganja vyake, vilikuwa vyeusi vyote viwili, na maji ya kunawia yalikuwa yameishia kwenye moto.